Vidukari kwenye maharage ya Hai na karanga za Kongwa: niliyojifunza kwa hasara

Naandika kwa ajili ya mkulima wa maharage, kunde au karanga ambaye ameona majani yamekunjamana na kubadilika rangi, na kila anayepita shambani kwake anamwambia apige dawa. Nimepita hapo. Nimepoteza fedha, na nusura nipoteze mbegu niliyokabidhiwa na mama mkwe. Baadaye nimeona tatizo linalofanana na hilo kwenye karanga za shemeji yangu kule Kongwa, na huko kilichotusaidia kilikuwa karibu kinyume cha kilichotusaidia kwenye maharage. Hilo ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Mdudu ni kidukari, yule ambaye wengi tunamwita mdudu mafuta. Lakini namna anavyobeba kirusi hutofautiana kati ya ugonjwa na ugonjwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua fedha yako kidogo uipeleke kwenye mbegu, kwenye jembe, au kwenye bomba la dawa.

Sisi tunakaa Machame, wilaya ya Hai. Kihamba kiko juu, chenye migomba na kahawa, na shamba la mahindi na maharage liko chini tambarare, upande wa Boma Ng'ombe, kama ilivyo kwa familia nyingi za huku. Maharage tunapanda masika, mengine katikati ya mahindi, mengine peke yake. Mbegu yetu ilikuwa ya nyumbani, nyekundu yenye mistari ya maziwa, ambayo mama mkwe aliikuta kwa mama mkwe wake na akaitunza miaka yote kwenye madebe yenye majivu. Msimu ukiwa mzuri tulipata magunia matatu hivi kwa ekari pale palipopandwa maharage matupu. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya watoto na mafuta ya taa na kila kitu kisichosubiri kahawa.

Mwaka ninaousimulia tuliamua kugawa shamba. Upande mmoja mbegu ya nyumbani, upande wa pili mbegu mpya iliyothibitishwa, ya dukani, ya aina iliyokuwa ikisifiwa kwa kuzaa. Mbegu mpya ilitoka vizuri mno, mistari imenyooka, majani mapana. Ile ya nyumbani ilipofikisha majani matatu matatu ilianza kuonyesha mabaka: kijani kilichokolea kando ya mishipa, kijani kilichopauka katikati, na jani lenyewe likijikunja ncha zikielekea chini. Haikuwa mimea yote. Mmoja hapa, hatua kadhaa mwingine, kisha kikundi.

Mama mkwe aliinama akaangalia, akasema, "Haya yamekuwa hivi siku zote, mwanangu. Yatazaa tu." Na kweli yalikuwa yakizaa, ingawa maganda ya mimea ile yalikuwa machache na mafupi. Hakuna aliyewahi kuyaita ugonjwa.

Maharage yalipokaribia kutoa maua ndipo upande wa mbegu mpya ulipoanza kufa. Simaanishi kudumaa, namaanisha kufa. Unakuta mmea jana ulikuwa mzima, leo majani ya juu yamelegea na mishipa yake imekuwa ya kahawia inayoelekea weusi, keshokutwa umekauka ukiwa umesimama. Ukipasua shina unaona mstari mweusi unaopanda kutoka kwenye mizizi. Ukipasua ganda changa, nalo lina weusi ndani. Kila asubuhi nilikuta mingine, na ilianzia upande uliopakana na mbegu ya nyumbani.

Ninayakumbuka maneno ya majirani kwa sababu yaliniuma: mbegu ya dukani ni feki, mbegu za kisasa hazina nguvu, ungebaki na za wazee. Mbegu ya wazee ilikuwa pale pembeni, ina mabaka lakini hai, na ya kisasa inakauka. Mtu yeyote mwenye macho angefikia uamuzi huo huo.

Tulipiga dawa. Tulinunua ile tuliyoelekezwa kwa ajili ya wadudu mafuta, tukakodi bomba na kibarua, na mabaka yalipoendelea kuenea tukarudia kwa dawa nyingine kali zaidi. Fedha ya dawa na kibarua ilitoka kwenye akiba ya mbolea ya kukuzia mahindi, kwa hiyo mahindi nayo yakaumia. Baada ya kupiga, vidukari weusi waliokuwa kwenye ncha za maharage walipungua kwa siku chache, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo. Wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, ambao hula vidukari, hawakurudi. Sisimizi walibaki. Sisimizi hupenda utomvu mtamu unaotoka kwa vidukari na huwalinda, hivyo ukiua maadui wa kidukari na ukabakiza walinzi wake, umemjengea nyumba.

Bwana shamba wetu alipofika hakuuliza kwanza habari ya dawa. Aling'oa mmea uliokuwa unaanza kulegea, akaupasua kwa wembe kuanzia chini. Alinionyesha alichokuwa anatafuta: kama angekuwa inzi wa maharage, shina lingekuwa limevimba na kupasuka karibu na udongo, na ndani tungekuta njia alizotoboa funza au vile vifuko vidogo vya kahawia anamogeukia. Kama ingekuwa kuoza kwa mizizi, mizizi ingekuwa laini na imeliwa. Yetu ilikuwa na mizizi thabiti, ila mishipa ya ndani imekuwa nyeusi. Akaniambia nichukue mimea ya pande zote mbili niipeleke kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, ambacho kinashughulika na maharage. Nauli ya kwenda huko ilikuwa ndogo kuliko bei ya chupa moja ya dawa. Natamani kila mkulima wa kaskazini ajue hilo.

Maelezo niliyoyapata Selian, na niliyoendelea kuyafuatilia baadaye, ndiyo haya.

Mabaka ya mbegu ya nyumbani na kifo cha mbegu mpya vilikuwa ugonjwa mmoja. Kuna virusi viwili ndugu vinavyosababisha batobato ya maharage, yaani ugonjwa wa yale mabaka. Kimoja kimeenea dunia nzima. Cha pili, ambacho wataalamu hukiandika BCMNV, kimezoea sana Afrika Mashariki, na huishi pia kwenye mimea ya porini ya jamii ya kunde, ikiwemo baadhi ya jamii za marejea. Aina nyingi za maharage zilizoboreshwa zimepewa jeni inayoitwa I, inayozikinga dhidi ya kirusi cha kwanza. Lakini kirusi cha pili kikiingia kwenye mmea wenye jeni hiyo, mmea unajibu kwa nguvu kupita kiasi: unaua seli zake wenyewe kila kirusi kinapopita, na kwa kuwa kirusi kinapita kwenye mishipa, mishipa yote inakuwa nyeusi na mmea unakufa. Huo ndio ugonjwa wa mizizi myeusi. Maharage ya zamani yasiyo na jeni hiyo hayafi. Yanaugua polepole, yanazaa kidogo, na yanabaki shambani msimu mzima yakiwa chanzo cha kirusi kwa jirani.

Kwa hiyo mbegu ya dukani haikuwa feki. Ilikufa kwa sababu ilipandwa kando ya chanzo. Na kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali: mmea uliokufa haukuacha mbegu yenye kirusi, lakini ule uliopona nusunusu uliacha.

Sasa vidukari. Kidukari hana meno ya kutafuna. Ana mrija mwembamba sana wa kunyonya. Anapotua kwenye jani bado hajajua kama ni chakula chake, hivyo huchomeka mrija kwenye seli za juu tu na kuonja. Asipopenda anaruka kwenda kwingine. Kuonja huko ni kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha kirusi cha batobato kunasa kwenye mrija. Akionja mmea wa pili anakiacha huko, na hapo napo ni sekunde. Baada ya kuonja mimea michache, au baada ya saa chache, mrija umesafika na hana tena cha kuambukiza mpaka aonje mgonjwa mwingine.

Pima hilo na dawa. Dawa huhitaji dakika, nyingine saa, kumwangusha kidukari. Yeye alishamaliza kazi kabla hajaanza kutetemeka. Tena zipo dawa zinazomsumbua kabla ya kumuua, akawa anaruka ruka na kuonja mimea mingi zaidi ya ambayo angeonja akiwa ametulia.

Jambo la pili liliniingia zaidi. Vidukari tunaowaona wamejazana kwenye ncha za maharage siyo lazima wawe ndio wanaoeneza zaidi. Aliyetulia ananyonya, haendi popote. Wanaoeneza ni wenye mabawa, na wengi wao ni wapita njia: wa mimea mingine kabisa, ambao hutua, huonja, hugundua kuwa maharage siyo chakula chao, na huendelea. Hao huwaoni. Unaweza kupita shambani ukageuza kila jani, usione kidukari hata mmoja, na batobato ikaongezeka wiki hadi wiki. Ndiyo maana nasema kupima ukubwa wa tatizo hili kwa wingi wa wadudu unaowaona ni kujidanganya.

Na bado kidukari hawezi kubeba kirusi ambacho hakipo. Kilitoka wapi mwanzoni mwa masika, wakati shamba zima lilikuwa udongo mtupu? Kwa sehemu kilitoka kwenye maharage ya mifereji. Huku kwetu kuna mifereji ya asili, na watu hupanda maharage ya kumwagilia kiangazi, kwa hiyo kwa mwaka mzima kuna maharage mabichi mahali fulani. Lakini chanzo kikubwa kilikuwa kwenye debe la mama mkwe. Kirusi hiki huingia ndani ya mbegu, kwenye kiini chake. Mbegu inaonekana nzuri, ina rangi yake, ina uzito wake. Majivu hayakigusi, dawa ya kupaka mbegu haikigusi, kuosha hakusaidii, na kuihifadhi mwaka mmoja zaidi hakukiui.

Piga hesabu uone. Ukipanda maharage matupu kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 10, ekari moja inabeba mimea kama 80,000. Mbegu moja tu kati ya mia ikiwa na kirusi, una mimea 800 iliyougua tangu kuota, nayo haikukaa pamoja pembeni mwa shamba, imetawanyika kila mahali, kila mmoja umezungukwa na majirani wazima. Kidukari mpita njia hahitaji hata kutafuta. Na mbegu isiyo na ukinzani, ikiokotwa kutoka kwenye shamba lenye mabaka, inaweza kuwa na kiwango kikubwa kuliko hicho mara nyingi.

Kumwambia mama mkwe habari hii kulikuwa kugumu kuliko hasara yenyewe. Mbegu ile ilikuwa heshima yake. Watu walikuwa wanakuja kuomba kwake. Mume wangu alitaka tumwambie tu kwamba wataalamu wameikataa, tuile iishe. Sikuweza. Nilimweleza jinsi nilivyoelezwa, nikamwonyesha majani, na nikamwambia kwamba kosa si la mbegu kama mbegu, ni mgeni aliyeingia ndani yake. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hakuna namna ya kumtoa?"

Namna ipo, inahitaji uvumilivu, na haina uhakika kamili. Tulichagua kiasi kidogo cha mbegu yake tukaipanda juu kihambani, kwenye kitalu kilichozungukwa na migomba, mbali na maharage ya watu. Kila siku mbili au tatu alipita mwenyewe. Mmea wenye dalili yoyote kwenye majani ya kwanza ulitoka na mizizi yake, bila kuonewa huruma. Alijifunza haraka kuliko mimi kwamba mabaka huonekana vizuri asubuhi jua likiwa mgongoni, kivuli chako kikiangukia jani, kwa sababu jua kali la mchana huyaficha. Mbegu za mimea iliyobaki ndizo zilizopandwa msimu uliofuata, kitalu hicho hicho, kwa ukali huo huo. Mabaka yalipungua msimu hadi msimu. Hayakuisha kabisa, na huwa tunamwambia kila anayeomba mbegu hiyo ukweli huo. Lakini mbegu iko hai na inazaa kama zamani, na hatuipandi tena shamba moja na aina zilizoboreshwa.

Shamba la chini tulibadilisha mambo kadhaa, na nitayataja kwa uzito niliouona, yaliyo makubwa kwanza. Mbegu ya kupanda huko tunanunua iliyothibitishwa, au ile ya kuazimiwa ubora inayozalishwa na vikundi vya wakulima kwa ukaguzi, ambayo bei yake ni nafuu. Tunauliza waziwazi: aina hii inahimili mizizi myeusi? Siyo batobato tu, kwa kuwa aina yenye kinga dhidi ya batobato ya kawaida ndiyo hiyo hiyo inayoweza kufa kwa kirusi cha pili, na zipo aina zilizopewa kinga ya ziada dhidi yake. Wiki tatu za mwanzo tunatembea mistari na kung'oa wagonjwa kabla vidukari wenye mabawa hawajawa wengi. Baada ya maua kung'oa hakuna faida kubwa tena, umechelewa. Pembezoni tunazungushia mistari mizito ya mahindi yaliyotangulia kupandwa: kidukari anayeingia hutua kwanza kwenye mahindi, huonja, na hapo husafisha mrija wake kwenye mmea usiougua batobato. Dawa ya vidukari kwenye maharage tunaiweka kwa hali moja tu, pale wanapojazana hadi mmea unanyauka kwa kunyonywa. Hilo ni tatizo jingine na dawa yake ni halali. Kwa batobato hatutoi tena hata shilingi.

Ukiwa na mbegu ya nyumbani na huna uhakika nayo, ijaribu kiangazi. Chukua mbegu mia bila kuchagua, panda bustanini karibu na bomba la maji, mahali ambapo hakuna maharage wala kunde karibu, mwagilia, halafu angalia majani ya kwanza matatu matatu. Yakiwa na mabaka wakati hakuna maharage mengine jirani, kirusi kilikuja na mbegu. Hesabu wagonjwa, na usijipe moyo kwamba wawili watatu ni wachache. Rudi kwenye hesabu ya ekari.

Baada ya hayo yote nilifikiri nimeelewa vidukari. Kisha dada wa mume wangu, aliyeolewa Kongwa, akatuletea habari kwamba karanga za mumewe zimejikunyata.

Kongwa na karanga ni historia ndefu. Ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya ukame, udongo mgumu na mashine zisizofaa kuumaliza. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko mradi: rozeti ya karanga iliandikwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu Zimmermann mwaka 1907, na aliiona hapa hapa kwetu, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Haijawahi kuondoka Afrika. Mwaka 1975 iliharibu karibu hekta 700,000 za karanga kaskazini mwa Nigeria.

Nilipofika kwa shemeji niliona mimea iliyo kama vichaka vidogo. Pingili zimefupika, majani madogo yamebanana, mengine ya njano yenye mishipa ya kijani, mengine kijani kizito kisicho cha kawaida. Ukining'iniza mmea kwa mizizi yake hukuti karanga, au unakuta vitumba vitupu. Rozeti ikiingia kabla ya maua, mmea huo usiuhesabu tena. Ikiingia karanga zikiwa zimekomaa, hasara ni ndogo. Shemeji alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya shamba, na shamba la jirani yake, ng'ambo tu ya njia, lilikuwa limefunika ardhi yote kwa kijani kizuri. Mbegu walinunua pamoja.

Kidukari wa hapa ni yule mweusi anayeng'aa anayependa kunde na karanga. Lakini kazi yake kwenye rozeti si ya sekunde. Ugonjwa huu una washirika watatu. Kirusi cha kwanza peke yake hakileti madhara ya kuonekana sana, ila kina ganda. Cha pili hakina ganda lake, hivyo huazima la mwenzake kama mtu anayeazima koti la safari, na bila koti hilo kidukari hawezi kukibeba. Wa tatu ni kipande kidogo cha vinasaba kinachomtegemea wa pili, na hicho ndicho kinacholeta unjano na kudumaa. Ili kuwabeba wote, kidukari lazima atulie anyonye kwenye mishipa ya ndani kwa saa kadhaa. Kisha virusi hupita tumboni na mwilini mwake mpaka kwenye mate, na hiyo huchukua siku moja au zaidi kabla hajaweza kuambukiza. Lakini akishafika hapo, anabaki na uwezo huo kwa siku nyingi, pengine hadi kufa.

Hivyo kila nilichojua kuhusu maharage kiligeuka. Huku kidukari anayekaa shambani ndiye mhusika, siyo mpita njia. Huku dawa inayowahi inaweza kusaidia kwa sababu mdudu anahitaji muda, ingawa kwa mkulima wa Kongwa gharama yake ni nzito na mvua ya Dodoma haitabiriki. Na huku rozeti haipiti kwenye mbegu. Shemeji alikuwa amesikia yaliyotupata, akawa ameshatenga magunia ya mbegu ayauze yote kwa kula na kukopa fedha anunue mbegu nyingine. Tulimzuia baada ya kuthibitisha kwa bwana shamba wa kata. Karanga zilizokomaa vizuri, hata kama zimetoka kwenye shamba lililokuwa na rozeti, zinafaa kwa mbegu upande wa ugonjwa huu. Mkopo ule ungemuumiza bure.

Tofauti yake na jirani ilikuwa tarehe na nafasi. Jirani alipanda na mvua za kwanza za Desemba. Shemeji alisubiri zamu ya jembe la ng'ombe la kukodi, akapanda wengine wameshapalilia, na ili mbegu imtoshe alipanua nafasi. Kidukari mwenye mabawa huvutwa na mmea unaojitenga na udongo mtupu. Shamba lililofunika ardhi mapema halimvutii kutua kwa kiasi hicho, na anapofika kwa wingi karanga zimeshapita umri wa hatari. Shamba la shemeji lilikuwa changa, lina mapengo, na lilipokea vidukari waliokwisha kubeba virusi kutoka mashamba ya mapema.

Msimu uliofuata fedha aliyokuwa aipeleke kwenye mbegu mpya na dawa aliilipa kwa mwenye jembe kabla mvua haijanyesha, ili awe wa kwanza kwenye zamu. Alilima eneo dogo zaidi, akapanda sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya shimo na shimo, akajaza mapengo ndani ya wiki ya kuota. Maotea ya karanga za mwaka uliotangulia, yale yanayochipua yenyewe kwenye mashamba na kwenye marundo ya taka karibu na nyumba, aliyang'oa na watoto kabla ya kupanda, kwa maana huko ndiko vidukari na virusi huanzia. Rozeti ilikuwepo, pembeni hasa, lakini alivuna. Anachotafuta sasa ni aina zinazovumilia rozeti. Kwa karanga kituo cha kuuliza ni Naliendele, Mtwara, na maofisa ugani wa Dodoma wanaweza kusaidia kufuatilia.

Kunde nazo zimo humu, na niziseme kwa kifupi kwa sababu wengi huzipanda pembezoni bila kuzifikiria. Batobato yake inayobebwa na vidukari hufuata njia ya maharage: sekunde chache, na ndani ya mbegu. Usizihesabu upande wa karanga kwa kuwa tu kidukari wao ni yule yule.

Ukiamua kupeleka mimea kituoni, chagua inayoanza kuugua, kwa sababu iliyokwisha kukauka haina cha kuonyesha. Chimba na mizizi, asubuhi, na uweke mmoja mzima wa kulinganisha. Zungushia gazeti lenye unyevu kidogo, usifunge kwenye nailoni ukaacha juani, maana utafikisha uozo. Chukua na kiganja cha mbegu ile ile uliyopanda. Kwenye karatasi andika aina, tarehe ya kupanda, lini uliona dalili ya kwanza, upande gani wa shamba zilianzia, jirani amepanda nini, dawa ulizokwisha kupiga, na mbegu ilitoka kwa nani.